Zamu ya Kuwa Mama

Shati la shule lina vifungo sita.
Naanza adhana ya alfajiri ingali masikioni,
nafika cha nne mahamri yamepoa.
Mkono wa kulia huutuma, ukaenda.
Wa kushoto huutuma, ukafikiri kwanza,
ukapitia kwapani,
ukajikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni,
ukarudi na jibu lake wenyewe.
Arafa husimama, kidevu juu. Hanisaidii.
Tulikubaliana: yeye viatu, mimi vifungo.
Chai namimina nusu kikombe,
nusu nyingine ni haki ya sakafu.

Siku aliyozaliwa, muuguzi aliuliza,
“Na huyu mtoto atalelewa na nani?”
Nikajibu. Nilijibu kwa sauti.
Akamgeukia mamangu amfasirie.

Mtindio wa ubongo, wameandika kwenye faili,
faili nene kuliko Arafa wa siku ile.
Leso nilimfunga kifuani kwa meno,
nikatambaa naye chumba kizima,
kitandani hadi karai la maji, karai hadi dirishani,
na kabla hajajua kucheka alijua kushika:
ngumi mbili kwenye dera langu, kama kupe.
Watoto wa wenzangu walibebwa.
Wangu alijibeba juu yangu.
Leso yenyewe ilikuwa na jina lake:
MZIGO WANGU HAUKULEMEI.
Niliinunua kwa ajili ya wifi zangu.

Dukani kwa Mshihiri naomba unga.
Maneno yangu hutoka yamesongamana
kama watu mlangoni pa harusi,
kila moja lataka kupita mbele.
Mshihiri ananipimia sukari, kwa upole mwingi.
“Unga,” Arafa anamwambia. “Amesema unga.
Kwani wewe husikii?”
Kwake yeye, mgonjwa ni Mshihiri.

Jana, Jumapili, babake amelala,
ametoka zamu ya usiku bandarini,
nami nachambua mchele, punje kwa punje, mkono mmoja,
Bi Mwanahawa akaniita kutoka chini:
“Hebu njoo umuone mwanao! Yuwakufanyia shere!”

Ngazi zetu hapa Tudor ni kumi na nane.
Nazishuka kwa kukaa.
Kila ngazi nilitunga kemeo,
kila ngazi nikaliongeza chumvi.
Ya kumi nilikumbuka wavulana wa Majengo
walionifuata nyuma mguu upande, foleni nzima,
nikiwa na umri wake.
Ya kumi na tano nilikuwa tayari kupiga.

Chini ya ngazi, Arafa amejifunga leso yangu.
Mkono wa kushoto ameukunja kifuani,
mguu anauburuta, kisigino hakigusi chini.
Mgongoni mtoto wa soksi.
Anapika mchanga kwenye kopo la rangi,
anaumwaga kidogo,
hashtuki, anapangusa kwa kisigino, anaendelea.
Anamwogesha mtoto. Anamfunga vifungo ambavyo hana,
polepole, ulimi nje.

Kisha Mishi, wa mlango wa pili,
ambaye mamake hutembea wima kama mnazi mchanga,
akasema, “Sasa zamu yangu niwe mama.”
Akavaa leso. Akatembea.

“Ah-ah,” Arafa akamkatiza. “Sivyo.
Huyo si mama, huyo ni mtu tu.
Buruta mguu. Mkono weka hapa.
Na usikimbie, mtoto ataanguka.”

Mishi akaburuta mguu.

Bi Mwanahawa alinitazama, kiko wapi kipigo.
Kemeo langu lilikuwa limefika mdomoni,
limesongamana na wenzake mlangoni,
halikupita hata moja.
Nilikaa ngazi ya mwisho.
Mchele juu ulikuwa na chawa bado.
“Mama,” akaniambia, bila kugeuka,
“usikanyage jikoni, naosha.”

Leo Jumatatu. Kengele ya shule si yangu kuisubirisha.
Cha kwanza, cha pili. Cha tatu kilikataa, kikakubali.
Cha sita nimekiacha wazi,
huzama ndani ya sketi, hakionekani.
Amekigusa kwa kidole,
akanitazama,
akaingiza shati.